Maneno ya Mgongoni

Kabla gati halijajengwa, hakuna mtu aliyeingia kisiwani kwetu bila kubebwa. Boti ya abiria ilikuwa inasimama mbali na ufuko, pale ambapo maji yanamfika mtu mzima kifuani, kwa sababu ikisogea zaidi inakwama kwenye mchanga. Sisi wabebaji tulikuwa tunaifuata huko huko. Ukifika ubavuni mwa boti unageuka, unampa abiria mgongo, unasubiri. Husemi kitu. Ukishageuka, maana yake ni panda. Abiria anakushika mabega, unamshika miguu, mnaondoka taratibu ukipapasa chini kwa nyayo, maana chini kuna mawe na mifupa ya sangara.

Wageni wengi walikuwa wanaogopa.

"Wewe kijana, mimi ni mzito. Utaniweza kweli?"

"Panda, mama."

"Usije ukaniangusha, hiki kitenge nimeazima!"

"Basi usiwe na wasiwasi," alikuwa anadakia kiongozi wetu. "Kikilowa atalia mwenyewe huko alikobaki."

Watu wanacheka, mama anapanda.

Kiongozi wetu tulimwita nsumba ntale. Kwa Kisukuma ndicho cheo cha mkubwa wa vijana, yule anayewapanga kwenye kazi ya shamba la mtu au kwenye ngoma. Mwaloni kwetu, pale boti na mitumbwi inapofikia, kulikuwa na Wasukuma, Wazinza na watu wa kutoka kila upande, lakini jina hilo lilikubalika kwa wote. Alikuwa na mabega mapana na mdomo mwepesi. Mimi sikuwa na vyote viwili, ila mabega yalikuja baadaye kwa kazi.

Niliipenda kazi ile kwa sababu ya mgongo. Mimi tangu utoto siwezi kumtazama mtu usoni. Shuleni mwalimu alikuwa akiuliza swali nalijua jibu, lakini akinitazama jibu linarudi tumboni. Nilimaliza darasa la saba hivyo hivyo. Wenzangu mwaloni waliniita bubu, nami sikukasirika. Ukimbeba mtu hakuoni na wewe humwoni. Unasikia sauti tu karibu na sikio, na pumzi yake.

Na watu walikuwa wanaongea. Sijui kwa nini, lakini mtu akishapanda mgongoni na maji yamewazunguka, anafunguka. Kuna mchimbaji kutoka upande wa Geita aliniambia ameacha duara, shimo la dhahabu, kwa sababu kila akishuka chini anasikia jina lake likiitwa. Kuna mama aliniambia amekuja kumtafuta mumewe, na akimkuta na mwanamke mwingine atamsalimia tu halafu arudi na boti ile ile. Mimi nilikuwa natembea tu. Nikimfikisha nchi kavu naye ananyamaza, anajifuta, anaenda zake.

Kwa hiyo tulikuwa na sheria. Ulichosikia ukiwa umembeba mtu, hukisemi ufukoni. Hata mkiwa wenyewe kwa wenyewe jioni mnakula ugali na dagaa, hukisemi. Mbebaji mmoja aliwahi kuisema siri ya mteja wake kwa kujifurahisha, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwachia nafasi ubavuni mwa boti, mpaka akahama kisiwa.

Sheria ya pili ilikuwa hii. Mtu uliyemwingiza kisiwani mara ya kwanza ni mgeni wako. Utamwonyesha pa kulala. Akiugua utambeba wewe kumrudisha kwenye boti. Akifa utashika upande wa kichwa.

Mimi nilikuwa mgeni wa nsumba ntale.

Tulifika mimi na mama tukitokea Kishapu, vijijini huko, mbele ya Mhunze. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kwa ukame, baba akaenda kuchimba, na duara likamfunika. Mama hakutaka tena kusikia habari ya dhahabu wala mtu anayeitafuta. Mtu mmoja akamwambia kuna kisiwa, watu wanashuka na boti asubuhi na njaa, na hakuna anayeuza uji. Tukaja na sufuria moja kubwa. Nsumba ntale alimbeba mama kwanza, halafu akarudi kunichukua mimi. Nilikuwa mrefu tayari, miguu yangu iliburuta majini.

"We twiga," aliniambia, "kunja miguu, ziwa siyo lako peke yako."

Siku hiyo hiyo alitutafutia chumba. Jioni akaja na sangara mdogo. "Hawa ni wageni wangu," aliwaambia watu, nao wakatuacha kwa amani. Baada ya muda akaniingiza kwenye kazi. Alinifundisha kumshika abiria kwa mkono mzima, siyo kwa vidole, na kutohema kwa nguvu, kwa sababu abiria akisikia unahema anaogopa, akiogopa anakukaba shingo.

Huduma za mwalo wetu siku hizo zilikuwa ndiyo sisi, na mama na uji wake, na mzee mmoja aliyechaji simu za watu kwa sola, na mzani wa dagaa uliofunikwa turubai. Choo hakikuwepo. Mtu akibanwa alikwenda kwenye matete pembeni, na mvua ikinyesha kila kitu kinashuka majini tunamosimama. Sisi hatukufikiria hayo. Maji yalikuwa maji.

Tumbo lilinianza polepole. Kwanza kuvimba kidogo, kama nimekula sana. Halafu kuuma upande wa kulia. Halafu nikaenda matetani asubuhi moja nikaona damu. Nilifukia kwa mchanga haraka kama mtu aliyeua. Sikumwambia mama. Mama alikuwa ameshazika, na kila nikikohoa tu ananitazama kwa muda mrefu. Nikasema moyoni itaisha.

Haikuisha. Siku moja nikiwa narudi kutoka kwenye boti, nimeshamfikisha abiria wangu na narudia mwingine, miguu ikakataa. Niliona maji yanakuja usoni. Nsumba ntale alikuwa karibu, akanishika, akageuka, akaniambia, "Panda."

Mimi kumpanda mtu tena, baada ya kuwa mbebaji, niliona aibu. Lakini nikapanda. Na nikiwa pale mgongoni, na sauti ya maji, na hanioni, nilimwambia yote. Tumbo, damu, kufukia mchanga. Nilimwambia na jambo ambalo sikuwa nimelijua mwenyewe mpaka lilipotoka mdomoni, kwamba naogopa kufa kabla ya mama.

Alinipandisha vizuri mgongoni. Halafu akasema, "Hufi, mdogo wangu. Na hili linabaki hapa."

Kesho yake alinisindikiza zahanati, ng'ambo ya kisiwa. Aliingia na mimi ndani, kwa sababu alijua sitaweza kusema. Nesi alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno makali na mikono ya upole.

"Unafanya kazi gani?"

Nikatazama chini. Nsumba ntale akajibu, "Anabeba abiria mwaloni."

"Aha. Kumbe unaishi majini kama kambale." Akanibonyeza tumbo. "Hiki ni kichocho. Dawa ipo, nitakupa. Lakini ukimeza leo na kesho ukarudi majini, umekula vidonge bure. Kinarudi."

Nsumba ntale akauliza, "Na sisi wengine, nesi? Atatuambukiza?"

"Akuambukize kwa nini? Mnakula naye sahani moja, mnalala chumba kimoja, hakuna kitu. Kinatoka kwenye maji, kwa sababu ya huo mchezo wenu wa kujisaidia matetani. Hata wewe nikikupima sasa hivi unacho." Akamcheka. "Mtoe huyu kijana majini. Mtafutie kazi kavu."

Nimeyaandika maneno ya nesi yote kwa sababu nsumba ntale aliyasikia. Alikuwa amekaa kwenye stuli, karibu yangu kabisa.

Kazi kavu kisiwani haikuwepo. Ukitoa uvuvi, na kuanika dagaa, na kubeba, unabaki na nini? Ilinibidi nirudi majini huku najua. Kila asubuhi nilikuwa natumbukiza miguu nikiyafikiria maneno ya nesi.

Ndipo habari ya gati ikaja. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano akasema tumekubaliwa, tutajengewa gati, na chumba cha abiria kusubiria, na choo, na tangi la maji safi, na taa ya sola. Mabati, saruji na fundi vitaletwa. Mawe tutatoa sisi, kwa nguvu za wananchi.

Wabebaji walinung'unika. Mmoja akasema waziwazi, "Sasa sisi tukabebe mawe ya kujenga kitu cha kutunyima kula?"

Nsumba ntale alisimama. Mdomo wake nimeshasema ulikuwa mwepesi. Alisema gati siyo ukuta, ni mlango, na mlango unahitaji watu. Lazima awepo wa tiketi. Lazima awepo wa kudaka kamba boti inapofika. Wapo wa kubeba mizigo kutoka gatini hadi madukani. "Na watu hao ni nani kama siyo sisi? Sisi ndio tunaojua kila abiria kwa uzito wake!"

Walicheka, wakakubali. Tulipokuwa tunatawanyika akanivuta pembeni.

"Wa kamba ni wewe," aliniambia. "Kazi kavu hiyo. Unasimama juu, unatupiwa kamba, unafunga kwenye chuma, basi. Hata kuongea huongei."

Nilisema, "Wabeja," asante kwa Kisukuma, kwa sababu Kiswahili kilinipotea.

Tulibeba mawe kutoka mlimani mpaka ziwani miezi mingi. Sitasema mimi nilibeba kuliko wengine, lakini nilibeba nikiwa na furaha. Jiwe halina pumzi wala maneno. Jioni nilikuwa nachukua kamba ya mtumbwi wa jirani, namwomba mtu yeyote anitupie, nadaka, nafunga. Nilijifunza kudaka bila kutazama uso wa anayetupa, nikitazama mkono tu. Mama alikuwa ananiona akiosha vikombe, anatabasamu. Alijua naipenda kazi mpya. Sababu yenyewe hakuijua.

Gati lilipokwisha lilikuwa zuri kweli. Chumba cha abiria, pale ufukoni, kilikuwa na bati la bluu na benchi ndefu za saruji, na dirisha dogo la tiketi, na ubao wa nauli. Choo kilikuwa nyuma, upande wa wanawake na upande wa wanaume, na ndoo ya kunawia. Maboya ya kuvaa yalitundikwa ukutani. Mama aliruhusiwa kuweka meza yake ya uji nje ya mlango, kivulini. Na kulikuwa na vizibao viwili vya njano, vile vinavyong'aa, cha mtu wa tiketi na cha mtu wa kamba. Vilining'inia kwenye msumari. Nilikipapasa kimoja siku moja wakati hakuna mtu.

Mkutano wa kuchagua watu ulifanyika ndani ya chumba hicho hicho. Wanakijiji walijaa kwenye benchi na wengine nje madirishani. Nilivaa shati langu la kwenda kanisani. Mama alikuwa mlangoni na kanga yake nzuri.

Mwenyekiti akasema, "Nsumba ntale, vijana ni wako, wewe ndiye unayewajua. Tupe mtu wa tiketi na mtu wa kamba."

"Wa tiketi mtanitazama wenyewe," alisema, akajishika kola. Watu wakapiga makofi. Alistahili.

"Na wa kamba?"

Mama mmoja muuza dagaa akapaza sauti kutoka nyuma. "Si yule bubu wako! Kila jioni tunamwona anadaka kamba kama anadaka kuku!"

Wakacheka vizuri, siyo kwa ubaya. Mimi nilitazama sakafu. Nikasubiri kuitwa.

Nsumba ntale hakuangalia upande wangu. Alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayeonea huruma.

"Yule ni mdogo wangu, mnajua. Niliwaingiza mimi hapa, yeye na mama yake. Lakini mwenyekiti, kwenye kazi ya watu lazima tuseme kweli. Kijana ni mgonjwa. Ana kichocho kibaya. Choo anachokwenda ni damu tupu. Hapa kuna abiria, kuna tangi la maji ya kunywa, kuna choo cha wageni. Tukimweka hapa halafu yatokee mambo, mtaniuliza mimi."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia benchi zikilia, watu wakigeuka kunitazama.

"Ninaye kijana," aliendelea. "Shemeji yangu, yuko Kahama pale Nyasubi, anapakia mizigo kwenye malori. Ana nguvu na ni mzima. Kesho kutwa anaweza kuwa hapa."

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Neno nilikuwa nalo mimi. Nesi alilisema na yeye alilisikia, kwamba ugonjwa huu haupiti kwa mtu wala kwa kikombe. Lilifika mpaka kooni. Nikainua macho, nikaona nyuso zote zile, na neno likarudi tumboni kama lile jibu la shuleni. Nilichoweza ni kumtafuta mama kwa macho. Alikuwa ameshika kanga yake mdomoni.

Nyumbani hakunilaumu. Aliniuliza kwa Kisukuma, akiniita mwanangu, kama anavyofanya akiwa na jambo zito. "Ng'wanawane, ni kweli?"

Nikasema ni kweli.

"Yule alijua. Mimi sikujua."

Niliuamini mgongo wa mtu kuliko uso wa mama yangu.

Baada ya hapo ikaja habari ya uji. Siku ya kwanza sikuelewa. Mama alirudi na sufuria nusu. Siku ya pili zaidi ya nusu. Nilienda kukaa karibu na meza kumsaidia kuosha vikombe, ndipo nikaona. Mtu anashuka kwenye boti, anakuja mezani, jirani anamnong'oneza, anarudi nyuma.

"Shikamoo mama. Leo nimeshakunywa chai kwenye boti."

"Marahaba, haya baba."

Kwenye boti ile hakujawahi kuwa na chai. Mwingine alisema wazi, mwanamke wa madukani, tena kwa upole, "Dada, vikombe hivyo anaosha nani? Mwanao? Hapana, nisamehe, nina watoto wadogo."

Nikaacha kuosha vikombe. Lakini ilikuwa imeshaenea. Mama aliendelea kupika uji ule ule, wa ulezi, na kuurudisha. Tulikuwa tunaunywa sisi mchana na usiku.

Shemeji alifika kutoka Nyasubi akavaa kizibao. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Aliliogopa ziwa tu. Kamba ikitupwa alikuwa anafumba macho na kuinua mikono kama anayezuia kofi, na kamba inaangukia majini.

"Wewe!" walikuwa wanampigia kelele kutoka kwenye boti. "Hiyo ni kamba, siyo nyoka!"

"Mtupieni kwenye mfuko!"

Boti ilikuwa inazunguka mara ya pili, wakati mwingine ya tatu. Mimi nilikuwa naangalia kutoka majini, kwa sababu nilirudi majini. Mitumbwi ya dagaa haikuruhusiwa kufunga gatini, hivyo magunia bado yalihitaji migongo. Nsumba ntale akipita juu na kitabu chake cha tiketi alikuwa anasema, "Vipi, mdogo wangu," kama vile hakuna kilichotokea. Nilikuwa naitika. Hicho ndicho kinachoniuma, kwamba niliitika kila mara.

Halafu mvua kubwa zikaja, ziwa likajaa. Wazee walisema hawajaona. Maji yalipanda wiki hadi wiki. Gati letu lilijengwa kichwa kikiwa juu, huko boti inakofunga, lakini sehemu ya kuunganisha na nchi kavu ilikuwa ya chini kwa kubana saruji. Asubuhi moja tuliamka sehemu hiyo imezama. Kichwa cha gati kilibaki peke yake katikati ya maji kama kisiwa kingine. Boti ilifika, abiria wakashuka vizuri, wakatembea mpaka pale zege linapoingia majini, wakasimama na mizigo yao.

Nsumba ntale alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ametoka ng'ambo kwa shughuli zake, amerudi na boti hiyo. Amevaa kizibao, suruali iliyonyooka na viatu vyeusi vipya.

"Vijana!" alipiga kelele. "Kazi imerudi! Mnangoja nini?"

Tuliingia majini. Nasema kweli, miguu iliingia kabla sijaamua. Kila mmoja alikwenda akageuka mbele ya abiria wake, kama zamani. Maji yalinifika mapajani. Na kwa jinsi nilivyokwenda, nilijikuta mbele ya nsumba ntale. Yule ndiye aliyenibeba mara mbili, hivyo haikuwa ajabu kwa mtu yeyote.

Alikuwa ameshainua mguu mmoja, amekunja suruali. Alikuwa anangoja nigeuke.

Sikugeuka.

"Geuka basi," alisema.

Nilikuwa namtazama. Sikuwahi kumtazama karibu vile. Ana kovu dogo juu ya jicho ambalo sikulijua, miaka yote ile.

Alishusha sauti. "Geuka, mdogo wangu. Nina maneno yako. Nitakuambia mgongoni."

Sikujua anataka kusema nini. Labda alitaka kuniomba msamaha. Labda alitaka kuniambia shemeji anarudi Kahama na kizibao ni changu. Najua kwa uhakika kwamba nilitaka kuyasikia, mabega yangu yalianza kugeuka yenyewe. Lakini ufukoni, kwenye kivuli cha bati la bluu, niliiona meza ya mama na vikombe vimepangwa, na hakuna mtu.

"Niambie hapa," nilisema.

Haikuwa sauti kubwa, lakini wote walisikia, kwa sababu hawakuwa wameizoea. Mbebaji aliyekuwa jirani yangu alisimama na abiria wake mgongoni.

"Nikuambie nini hapa?"

"Alichosema nesi. Wewe ulikuwepo. Waambie."

Alitazama abiria. Alitazama ufukoni, kwa watu waliokuwa wamekuja kushangaa maji. Niliona mdomo wake, ule mwepesi, ukifunguka bila kutoa kitu. Kwa muda mfupi nilifikiri atasema. Ilikuwa sentensi moja tu. Mama angeuza uji siku ile ile.

Halafu akacheka. "Jamani, bubu kaota ulimi!"

Wachache walicheka naye. Akampungia mkono mbebaji mwingine, kijana mgeni aliyekuwa anarudi mtupu, naye akaja mbio akageuka. Nsumba ntale akapanda, akashika viatu vyake juu ili visilowe. Walipita karibu yangu. Nilimwona ameinamisha kichwa, midomo yake iko karibu na sikio la yule kijana, anamwambia jambo. Kijana alinitupia jicho.

Nilibaki nimesimama mpaka abiria wote wameisha. Halafu nikatoka majini. Nilikwenda mpaka kwenye meza ya mama nikiwa nadondosha maji, nikakaa kwenye benchi ya abiria karibu na mlango, ile ya saruji, ambayo mawe ya chini yake mengine niliyabeba mimi. Waliokuwa wamekaa walisogea. Sijui kama walinipisha au walinikimbia.

Mama aliosha kikombe. Alikiosha mbele yao, taratibu, ndani na nje, akakijaza uji mpaka juu, akanipa. Ulikuwa wa moto. Nilikunywa wote, na sikutazama chini.